Pesa za Hedi

Mume wangu ni mtu mwema, na hilo ndilo linalonikera. Angekuwa mlevi, ningepata watu wa kunionea huruma. Angekuwa na mwanamke mwingine mahali, ningemfukuza, na kanisa zima lingenisaidia kubeba masanduku yake hadi barabarani. Lakini wa kwangu ni mzee wa kanisa. Hanywi, hapigi, anaosha vyombo bila kuambiwa. Na siku aliponitendea alilonitendea, watu walimpigia makofi.

Nianze na gari. Ni stesheni wagon ya Kifaransa ya miaka ya sabini, aina ile ambayo zamani kwetu Nakuru kila mwalimu mkuu na kila daktari alikuwa nayo. Baba yangu alikuwa fundi wa magari hayo. Gereji yake ilikuwa uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba, na mimi nilikulia pale, nikimshikia tochi na kumpa spana, mpaka mama akachoka kunigombeza juu ya grisi kwenye sare ya shule. Baba huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mama, lete spana ya kumi na tatu." Mtu mzima na mvi zake ananiita mama, nami naitika bila kuona ajabu yoyote.

Baadaye nikasomea uuguzi, nikaja Minnesota, nikaolewa, nikazaa, nikapiga shifti mpaka miguu ikavimba. Nilipoliona gari lile lilikuwa kwenye ghala la mkulima mmoja upande wa Wisconsin, kuku wamejilalia kwenye kiti cha nyuma. Mkulima aliniuzia kwa bei ya friji. Tulilivuta hadi kwetu, mji mdogo wa Savage, tukaliingiza gereji, na magari yetu ya kila siku yakaanza kulala nje kwenye theluji. Kanisani walicheka. Ati muuguzi mzima ananunua skrepu! Mama mmoja wa kwaya aliniuliza kama nalitaka la kufugia kuku. Nikamwambia ndiyo, aje Jumamosi achukue mayai.

Baba hakucheka. Kaka yangu, anayeishi naye Nakuru, alimshikia simu, nami nikaipitisha polepole juu ya injini. Baba akatazama, akasema nirudishe nyuma kidogo. "Hedi imepasuka, mama," akasema. "Usiichomelee. Ukichomelea unajidanganya. Tafuta nyingine." Hedi ni kile kipande cha juu cha injini ambamo valvu hukaa, na bila hiyo gari ni kabati la bati tu.

Wakati huo baba alikuwa ameanza kutuponyoka. Kuna Jumapili alikuwa mzima kabisa, ananieleza jinsi ya kukaza bolti za hedi, ipi kwanza, ipi pili, huku akinitania kwamba wanawake wa Amerika wana mikono laini. Kuna Jumapili alimwuliza kaka yangu huyu mama kwenye simu anauza nini. Daktari wa kule alisema wazi kwamba ugonjwa huu haurudi nyuma. Basi mimi nilitaka jambo moja tu duniani: niliwashe gari lile baba akiwa bado ananijua. Alisikie, aseme, "Mama, umeweza." Sikuwa na haja nyingine nalo. Baada ya hapo hata kuku wangerudi kulala.

Spea za magari ya zamani huku huzitafuti dukani. Unazitafuta kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo nje ya mji, ambako theluji ikishayeyuka, na tena majani yanapoanza kuanguka, wazee wa Kizungu huja na kumwaga chini kila walichokificha kwenye stoo zao: taa, rimu, usukani, redio zisizolia, vibao vya namba vya watu waliokwisha kufa. Wao wana jina lao la soko hilo. Sisi nyumbani tulilibatiza Gikomba, jina la lile soko la Nairobi, kwa sababu ni mitumba tu, mitumba ya chuma.

Mara ya kwanza nilikwenda Gikomba kichwa kichwa. Nilirudi na taa mbili za gari jingine kabisa na deni kwenye kadi. Mume wangu, ambaye ni mhasibu kwenye ofisi moja karibu na mtaa wa Cedar-Riverside, alinikalisha mezani akanifundisha bajeti, na sikatai, alinifundisha vizuri. Kadi tukazikata kwa mkasi. Tangu siku hiyo naenda na noti mkononi, maana wale wazee wengi hawataki kitu kingine, na noti zangu zinakaa kwenye bahasha. Bahasha ya kitu nilichokwenda kununua haiguswi hata nikikuta dhahabu imemwagwa chini. Kiingilio na mafuta vinatoka kwenye pesa za nyumba. Chakula nabeba, chai ya themosi na chapati, kwa sababu soseji moja pale ni bei ya kuku mzima. Halafu kuna bahasha nyingine ndogo ya vitu vya bahati, ambayo nafungua saa za kufunga soko tu, wakati wauzaji wamechoka na kila mmoja anawaza mgongo wake na mizigo ya kupakia. "Bahasha ni kiapo," mume wangu aliniambia. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Msimu uliofuata, majani yakiwa yameanza kuanguka, nikampata mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza magari ya Kifaransa enzi yalipokuwa yakiuzwa huku. Alikuwa na hedi ya gari langu. Ameifunga blanketi, imechongwa ikanyooka, valvu mpya. Nusura nipige magoti. Aliitaka dola mia sita, nami nilikuwa na mia na kidogo. Hakuwa mtu wa kupokea malipo ya awali wala wa kutoa namba ya simu. Alisema atarudi mara moja tu, theluji ikiyeyuka, kisha anahama kumfuata binti yake kwenye jimbo la joto. "Nitakuwekea," akasema. "Njoo asubuhi na pesa taslimu." Tukapeana mkono.

Nilifanya kazi msimu ule wa baridi jamani, mpaka nikawa nasinzia nikiwa nimesimama. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mshahara unaingia akaunti ya nyumba, lakini ovataimu za Jumamosi ni zangu. Basi kila Jumamosi nikapiga dabo, shifti mbili mfululizo, pale hospitalini Minneapolis, nageuza wagonjwa, nafuta, nabeba, na ninaporudi nyumbani naingia gereji kwanza, natia noti kwenye bahasha niliyoiandika HEDI, ndani ya kidroo cha gari lile lile. Mume wangu aliijua. Alikuwa akiniuliza, "Hedi imefika wapi?" kama mtu anayeulizia mimba. Na baba naye, kwenye zile Jumapili zake nzuri, swali lake lilikuwa hilo hilo. Theluji ilipoanza kuyeyuka bahasha ilikuwa imetimia.

Wiki ile ile ya soko, kijana mmoja wa kanisa letu akafa. Alikuwa dereva wa lori, moyo ukasimama akiwa anajaza mafuta jimbo la mbali. Alikuwa kijana mpole, mtoto wa watu, na mama yake alikuwa Kisii akingoja mwili. Mkenya yeyote wa huku anajua kinachofuata. Simu zinaanza kulia, kamati inaundwa, na kunakuwa na mchango wa kusafirisha mwili, maana hatumwachi mtu wetu kwenye udongo wenye barafu. Alhamisi nilituma dola mia kwa niaba yetu sote wawili, na nikaliona jina letu kwenye orodha. Nililia pia. Nataka hilo lijulikane, kwamba nililia.

Jumamosi nilikuwa kazini, dabo yangu ya mwisho. Mume wangu akaenda kwenye mchango. Yaliyotokea niliyatambua asubuhi ya Jumapili, nilipokwenda gereji na themosi yangu mkononi, nimejifunga leso kichwani, nafsi inacheka yenyewe. Nikafungua kidroo. Bahasha ilikuwa nyepesi. Nikahesabu noti, nikahesabu tena.

Nilimkuta jikoni anajifunga tai.

"Baba watoto, pesa za hedi ziko wapi?"

"Zipo."

"Hizi ni mia tatu."

"Hizo nyingine tulizitoa jana."

"Tulizitoa nani na nani?"

Hapo akaacha tai. Akanieleza, kwa ile sauti yake ya kusomea matangazo kanisani. Kwamba alipotoka nyumbani alipitia gereji akachukua nusu, kwa dharura tu, asingezitumia. Kwamba mwendesha mchango alianza kuwaita wazee wa kanisa mmoja mmoja mbele ya watu. Kwamba zamu yake ilipofika alisimama na kusema yale maneno ambayo sisi husema kwenye harambee. "Mimi na familia yangu, tunatoa mia tatu." Watu wakapiga makofi.

Mimi na familia yangu! Familia yenyewe ilikuwa ghorofa ya tano ya hospitali inambadilishia nepi babu wa watu.

"Tulikwisha kutoa," nikamwambia. "Alhamisi. Mia nzima."

"Hiyo ilikuwa ya simu. Hakuna aliyeiona."

Nadhani alisikia mwenyewe alichokisema, maana alikohoa. Halafu akanimaliza. "Wewe ungesema nini, mama watoto? Mama wa watu anangoja mwili. Ungesimama useme pesa tunazo ila ni za skrepu?"

Nenda kaseme popote palipo na Wakenya kwamba una hasira juu ya pesa za maiti, uone watakavyokutazama. Nilimeza. Akaunti ya nyumba ilikuwa imekauka, mkopo wa nyumba ulikuwa umekatwa juzi yake. Marafiki wote waliokuwa na dola mia tatu walikuwa wamezitoa usiku uleule. Na yule mzee alikuwa akingoja asubuhi ile tu.

Mume wangu akavua tai. Akasema haendi ibada, ananisindikiza. Hiyo ndiyo ilikuwa toba yake. Njiani akapata na mpango.

"Usimwambie tumepungukiwa," akasema. "Mwambie bei iko juu. Tia kasoro kidogo. Mpe mia tatu, akikataa tuondoke. Atatuita tu. Ni muuzaji."

Na mimi nikakubali. Mimi niliyeishi nchi hii miaka yote hii, ninayejua kwamba huku ukiondoka dukani watu wanakutakia siku njema! Lakini ndivyo nilivyofundishwa kununua hata fungu la nyanya. Mama yangu hakuwahi kununua kitu bila kukiacha kwanza. Ukiondoka bila kuitwa, basi bei yako ilikuwa ya kitoto, ukiitwa, umeshinda. Na tena nilikuwa nimekata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hurudia ujinga wa kwao.

Mzee alikuwepo. Aliponiona akatabasamu, akafunua blanketi mwenyewe, kwa majivuno. Hedi ikang'aa. Nami, mbele ya kitu nilichokiota msimu mzima wa baridi, nikaanza kukitia kasoro. Nikasema hapa naona kama kutu. Nikasema valvu hizi sizijui ni za wapi. Nikapitisha kidole, nikakunja uso kama mama yangu mbele ya nyanya mbovu. Mume wangu kando anatikisa kichwa, anaguna, yeye ambaye hajui valvu wala spana. Nikamwambia mia tatu.

Tabasamu lilimtoka yule mzee polepole. Akasema tulikubaliana mia sita. Nikasema kwa hali ile, mia sita ni nyingi. Akaitazama hedi yake, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole, ule upole wa watu wa Minnesota ambao hujui ni mlango uliofunguliwa au uliofungwa, kwamba hakuna shida kabisa, anaelewa, na tuwe na siku njema.

"Twende," mume wangu akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Amelegea."

Tukaondoka. Tulitembea ule mwendo wa sokoni, hatua fupi fupi, kichwa mbele na sikio nyuma. Tukapita meza ya rimu. Tukapita meza ya vibao vya namba, tukasimama, tukajitia hamnazo, tunashika vibao tusivyovihitaji. Hakuna aliyeita.

"Jamaa yako haiti," nikasema.

"Mpe muda. Anajishaua."

Akanimiminia chai. Tukanywa tumesimama, upepo wa baridi unatupiga, tunatafuna chapati kama watu waliokuja pikiniki. Nilikuwa nageuka kila mara nikiona kama mtu ameinua mkono. Kumbe watu wanasalimiana tu. Mwishowe nikamrudishia kikombe nikaenda, karibu kukimbia. Nilikuwa nimeamua kumwomba, kumlilia, kumvulia pete yangu ikibidi.

Nilimkuta mzee anakunja blanketi. Kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu alikuwa anafunga mlango wa nyuma wa pikapu yake, hedi ikiwa ndani.

Nikamwambia mzee nimerudi. Akasema pole sana, alidhani sikuipenda. Ndipo ukweli ukanitoka wote, kwa machozi na kamasi: kwamba niliipenda, kwamba sikuwa na zaidi ya mia tatu, kwamba baba yangu ni mgonjwa. Mzee alisimama na blanketi lake kifuani. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Alisema ameniwekea tangu msimu uliopita, amewakatalia watu wawili asubuhi ile kabla sijafika. Angechukua mia tatu, na zilizobaki ningemtumia kidogo kidogo. Alisema hivyo bila hasira, na ingekuwa heri angenitukana.

Ningemwelezaje? Kwetu mtu humwambii muuzaji kwamba huna. Huo ni uchi. Unamwambia mali yake ni ghali, naye anaelewa kwamba huna, na mnasaidiana kufichiana aibu mpaka mkutane katikati. Yule mzee hakuwa na mafumbo hayo. Nilipomwambia hedi yake ni mbaya, alisikia kwamba hedi yake ni mbaya.

Tukageuza kurudi nyumbani. Karibu na mto, tukikaribia Savage, mume wangu akavuta pumzi, akaanza, "Lakini unajua, Mungu huwa ana—"

"Usimtie Mungu kwenye bahasha yangu," nikamwambia.

Ilikuwa saa ya kumpigia baba. Ningeomba siku ile awe ametuponyoka, asiulize. Lakini ilikuwa mojawapo ya Jumapili zake nzuri, nzuri kuliko zote za mwaka ule. Alikuwa amenyolewa, amevaa koti. "Mama!" akasema. "Hedi umeipata?"

"Bado, baba. Muuzaji hakuja."

"Atakuja," akasema. "Usimgombeze. Watu wa spea wana mambo mengi."

Niliiagiza nyingine kutoka Ufaransa. Ukijumlisha usafiri na ushuru ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mzee, na ilinichukua msimu mzima wa joto kuifanyia kazi. Mume wangu alilipa nusu, sitamnyima haki yake, na kila mgeni aliyefika kwetu aliambiwa kwamba alilipa nusu. Sasa ana tabia ya kunionyesha risiti ya hata mkate. Simjibu vibaya. Naipokea risiti, naitupa kwenye pipa mbele yake.

Sanduku lilifika majani yakianguka. Nilifunga hedi peke yangu, bolti kwa mpangilio alionieleza baba. Nikajaza maji na oili. Gari lilikohoa, likazima, likakohoa tena, likashika. Kelele ilijaa gereji mpaka madirisha yakatetemeka. Nikampigia kaka yangu nikiwa nalia na kucheka, nikamwambia haraka, mpe baba simu, mpe sasa hivi.

Baba alikuwa kitandani. Kaka akamwekea simu karibu na sikio. Nikasimamisha yangu juu ya injini, nikangoja. Kwenye kioo cha simu nilimwona amefumba macho, anasikiliza, kidole kinagonga blanketi polepole kufuata mwendo wa injini.

"Tapeti moja ya valvu inagonga," akasema. "Ya tatu. Mwambie huyo fundi aikaze kidogo."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeisikia mwenyewe.

"Baba, ni mimi!" nikapiga kelele juu ya mngurumo, nikiigeuza simu usoni pangu. "Ni mimi fundi, baba! Nimeliwasha!"

Kaka akamshikia simu usoni, naye akafumbua macho akanitazama, kwa adabu, jinsi alivyokuwa akiwatazama wateja.

"Gari lako ni zuri, madam," akasema.

Kaka yangu akainama karibu naye akamwambia kwa sauti kwamba huyu ni binti yake, wa Amerika, amelitengeneza yeye. Baba akatikisa kichwa. Alikuwa na hakika, na kidogo alimwonea kaka huruma kwa kutojua.

"Hapana. La binti yangu haliwaki, bado anangoja hedi." Kisha akanigeukia mimi. "Madam, kama uko karibu naye huko, msaidie kutafuta."